Majitaka Yanapolazimika Kupanda: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Chemba ya Pampu

Barua zilizochaguliwa safari hii zinatoka kwa watu wenye shida ya aina moja: choo kiko chini, mahali pa kupeleka majitaka pako juu, na katikati pamewekwa pampu. Baadhi yao wameshanunua pampu zaidi ya moja. Ninaanza na msomaji ambaye bado hajachimba shimo la majitaka, kwa kuwa jibu lake litawasaidia wengine kuelewa yanayofuata.

SWALI: Ninajenga Kigamboni katika kiwanja kinachoteremka kuelekea baharini. Tulipochimba msingi upande wa chini tulikuta maji kabla ya kufika mita moja na nusu. Fundi anashauri shimo la kufyonzea maji lichimbwe upande wa juu, karibu na barabara, na majitaka yapandishwe huko kwa pampu. Je, ushauri huu ni sahihi, au ananiongezea gharama? Na kama ni sahihi, pampu ikae kabla ya tangi la septiki au baada yake?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Fundi wako yuko sahihi. Shimo la kufyonzea maji hufanya kazi kwa sababu chini yake na kandokando yake kuna udongo wenye hewa, ambamo maji hupenya polepole na vijidudu vingi hunaswa njiani. Likichimbwa mahali penye maji ya ardhini halifyonzi chochote. Linakuwa kisima cha majitaka kinachochangia maji na visima vya majirani.

Weka pampu baada ya septiki, ikiwa sakafu za vyoo vyako zinaruhusu maji kuteremka yenyewe hadi kwenye tangi hilo. Kinyesi na mafuta hubaki ndani ya septiki, na kinachofika kwenye pampu ni maji yaliyokwisha kutulia, ambayo hata pampu ya bei ya kawaida ya majitaka huyamudu kwa miaka mingi. Ukiiweka kabla ya septiki utalazimika kununua pampu inayopitisha vitu vigumu vya ukubwa wa milimita 50 hivi, au ile yenye visu vya kusaga, na kila inapowaka itamwaga majitaka kwa kishindo ndani ya tangi na kuvuruga tope lililotulia, kisha tope hilo litahamia kwenye shimo la kufyonzea na kuliziba. Kwa mwenye choo kilicho chini kuliko septiki hakuna njia nyingine, lakini wewe una nafasi ya kuchagua.

Utendaji wa chemba ya pampu, yaani shimo ambamo pampu hukaa, si mgumu. Maji hutoka kwenye septiki kwa mteremko na kukusanyika ndani ya chemba iliyozibwa vizuri, ambayo chini yake imezamishwa pampu. Ndani yake huning'inia maboya matatu yenye swichi. La chini huzima pampu, na huwekwa kwenye kimo ambacho bado kinaifunika mota, kwa sababu mota hiyo hupozwa na maji yanayoizunguka. La kati huiwasha. La juu hupiga kengele ya hatari iwapo maji yamepita kiwango cha kuwasha na pampu haijafanya kazi. Maji yakisukumwa hupita kwenye vali ya njia moja inayoyazuia yasirudi, kisha kwenye koki ya kufungia, na kupanda hadi chemba ndogo iliyoko juu. Kutoka hapo huteremka yenyewe hadi kwenye shimo la kufyonzea.

Chukua chemba ya mviringo yenye kipenyo cha mita 1. Kila sentimita 10 za kina chake hubeba lita 78. Boya la kuwasha likiwa sentimita 40 juu ya la kuzima, kila mzunguko utaondoa lita 314 hivi, na pampu inayotoa lita 2 kwa sekunde itamaliza kazi hiyo kwa chini ya dakika tatu. Familia inayotumia lita 800 kwa siku itaiwasha mara mbili au tatu tu. Pampu ya kilowati 0.75 itafanya kazi takriban dakika saba kwa siku nzima, yaani chini ya uniti tatu za umeme kwa mwezi. Juu ya boya la kengele acha nafasi ya mita moja nyingine kabla ya mdomo wa bomba linaloingiza maji; hiyo ni akiba ya lita 785, ambayo itakuvusha karibu siku nzima umeme ukikatika.

Jambo ambalo fundi wako hakulitaja, au hukuliandika, ni kuelea. Kama utatumia tangi la plastiki kuwa chemba, na mita moja na nusu yake ikawa ndani ya maji ya ardhini wakati wa masika, maji hayo yatalisukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 1,180. Likiwa tupu halina uzito wa kushindana na nguvu hiyo, na linaweza kuibuka ardhini likiwa limevunja mabomba yote. Lifungie kwenye zege. Mita moja ya ujazo ya zege, ikiwa ndani ya maji, bado hubaki na uzito wa kilo 1,400 hivi, na hilo linatosha kwa chemba ya ukubwa huu ikiwa tangi limeshikanishwa nayo barabara, si kukalishwa juu yake tu.

SWALI: Nyumba yetu ya Tanga ina chemba ya pampu inayopandisha majitaka yote ya vyoo na jikoni umbali wa mita 35 hivi. Fundi wa kwanza aliweka bomba la inchi mbili, nalo limeziba mara kadhaa. Fundi wa pili anataka tuling'oe na kuweka la inchi nne, kwa hoja kwamba bomba la choo kwa kawaida ni inchi nne. Pampu ni ileile ya lita 2 kwa sekunde. Tumfuate?
Mama mwenye nyumba, Tanga

JIBU: Hapana, mama, na tafadhali msimamishe kabla hajaanza kuvunja. Hoja yake ni sahihi kwa bomba linaloteremka, ambamo majitaka hupita chini na hewa hupita juu. Bomba la msukumo hujaa maji tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kinachosafirisha vitu vigumu ndani yake ni mwendo wa maji. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba mwendo huo usipungue mita 0.6 kwa sekunde. Ukipungua, mchanga na kinyesi hutua chini ya bomba na kujijenga hapo.

Pampu yenu ikisukuma lita 2 kwa sekunde ndani ya bomba la milimita 50, mwendo ni kama mita moja kwa sekunde, nao unatosha. Maji hayohayo yakipelekwa kwenye bomba la milimita 100 yatakwenda kwa mita 0.25 tu, kwa kuwa bomba lenye kipenyo mara mbili lina nafasi mara nne. Ili bomba hilo lijisafishe mngehitaji pampu ya kutoa takriban lita 4.7 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, fundi wa pili anakusudia kuwauzia bomba, na baada ya miezi michache atawauzia pampu.

Kuziba kwa bomba lenu kunatoka kwingine. Tazameni kwanza kibati cha pampu, kile chenye maelezo yake: kama ni pampu ya maji yaliyotulia, ambayo hupitisha vitu vya milimita 10 hadi 20 tu, haikustahili kuwekwa hapo, na hiyo ndiyo ya kubadilisha. Kama ni ya majitaka ghafi, angalieni kona. Kona moja ya nyuzi 90 hunasa vitu. Mbili za nyuzi 45 zilizounganishwa hupitisha. Mwisho, ulizeni kinachotupwa chooni. Vitambaa laini vya kufutia watoto havisambaratiki majini hata kama pakiti yake inadai kwamba vinaweza kutupwa chooni. Husokotana na nywele na pedi hadi vikawa kamba inayojizungusha kwenye impela, yaani gurudumu la pampu linalosukuma maji. Mafuta ya kukaangia nayo huganda juu ya maji, hushika maboya na kuyafanya yasiinuke. Kama jikoni kwenu hukaangwa kwa wingi, jengeni kichemba cha kunasa mafuta kabla maji ya jikoni hayajaungana na ya choo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote katika mfumo mzima, na ndicho ambacho mafundi wengi hukiruka kwa sababu hakuna mteja anayekidai.

SWALI: Pampu yetu ya majitaka huwaka kila baada ya dakika chache hata usiku wa manane, watu wote wakiwa wamelala. Bili ya stima imepanda. Fundi ameshabadilisha pampu mara mbili bila mafanikio. Nimegundua kwamba hali huwa mbaya zaidi siku za bamvua. Nyumba iko Mombasa, mwendo mfupi kutoka ufuoni.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ugunduzi wako wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, una thamani kuliko pampu zote mbili alizokuletea fundi. Hata hivyo tusirukie hitimisho, kwa kuwa pampu kuwaka bila mtu kutumia maji kuna asili tatu, na zinaweza kutengwa kwa jioni moja bila kununua kitu.

Subiri watu walale. Fungua kifuniko, simama upande upepo unakotoka, usiinamie mdomo wa chemba, kisha mulika tochi kwenye bomba linaloingiza maji. Ukiona mkondo mwembamba wa maji safi, basi kuna tangi la kuvutia choo linalovuja au boya la tangi la juu limekufa. Tia rangi ya chakula ndani ya kila tangi la choo. Rangi ikitokea kwenye bakuli bila mtu kuvuta, umempata mhalifu.

Bomba hilo likiwa kavu, ngoja pampu iwake na kuzima, kisha zima umeme wake na ufunge koki iliyo mbele ya vali ya njia moja, upande wa bomba linalopanda. Weka alama ya mahali maji yalipo na usubiri nusu saa. Maji yasipopanda tena, mkosaji ni vali: ina mchanga au uzi uliokwama, haifungi, na maji yaliyokwisha kupandishwa yanarudi. Bomba la milimita 50 lenye urefu wa mita 40 hubeba karibu lita 78, kiasi cha kupandisha maji sentimita 10 katika chemba ya kipenyo cha mita 1. Kama maboya yenu yamefungwa karibukaribu, pampu inasukuma na kupokea maji yaleyale usiku kucha. Dawa yake ni kufungua vali, kuisafisha au kuibadilisha, na kuachanisha maboya.

Maji yakiendelea kupanda huku bomba la kuingizia ni kavu na koki imefungwa, yanapenya kutoka ardhini, na barua yako inaelekea huko. Katika pwani ya Mombasa tofauti ya maji kupwa na kujaa siku za bamvua huzidi mita 3, na katika ardhi ya matumbawe iliyojaa nyufa maji ya chini huitikia bahari. Tazama alama ya unyevu kwenye kuta na hasa pale mabomba yanapopenya ukuta, kwa kuwa mafundi wengi hujaza sehemu hiyo kwa saruji tupu inayopasuka ardhi ikijongea. Matengenezo yafanyike siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, na katika kiangazi, nayo huwa imara zaidi yakifanywa kwa kuchimba upande wa nje. Usiyaahirishe, kwani maji ya chumvi hula chuma cha pampu, na lita zote hizo za ziada zinajaza shimo la kufyonzea ambalo halikukusudiwa kupokea maji ya bahari.

Kuhusu pampu zilizokufa: mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka kawaida, na joto hilo huhitaji muda kupoa. Pampu inayowaka kila dakika chache huunguza kapasita kwanza, halafu waya za ndani. Ya tatu nayo itakufa vilevile.

SWALI: Nimepanga duka lililo chini ya usawa wa barabara, Kariakoo. Jengo lina ghorofa kadhaa na majitaka yote huingia kwenye shimo moja chini kabisa, ndipo yapandishwe kwenye bomba la mji. Uniti za Luku zikiisha au umeme ukikatika, majitaka ya ghorofa za juu hutokea kwenye choo changu. Mwenye nyumba anasema atanunua jenereta.
Mpangaji, Kariakoo

JIBU: Jenereta itapunguza adha, lakini kosa la msingi ni la ramani. Majitaka ya ghorofa zilizo juu ya barabara yanaweza kufika kwenye bomba la mji kwa mteremko, bila pampu wala umeme. Hakuna sababu ya kuyashusha hadi shimoni ndipo yalipiwe kupanda tena. Kinachopaswa kuingia kwenye chemba ya pampu ni cha sakafu ya chini peke yake. Kazi ya kuyatenganisha hugharimu mabomba na siku chache za vumbi, na kwa kuwa inagusa maungio ya bomba la umma ni lazima mamlaka ya maji ishirikishwe. Bomba la msukumo nalo halipaswi kuingia moja kwa moja kwenye bomba la umma, bali limwage kwenye chemba ya jengo, kisha maji yateremke yenyewe.

Wakati mnasubiri, kumbukeni kwamba umeme ukikatika matangi ya juu ya paa huendelea kutoa maji kwa uzito wake, kwa hiyo wapangaji wa juu huendelea kuvuta vyoo bila kujua kinachotokea chini. Pampu ipewe mita yake ya Luku, isitegemee ya mpangaji wala ya taa za ngazi. Kengele ya hatari iwe na betri yake na isikike ngazi zote, si ndani ya shimo tu. Jengo lenye watu wengi namna hiyo liwe na pampu mbili zinazopokezana zamu, ili moja ikifa nyingine iendelee. Jenereta inunuliwe kwa kuzingatia umeme wa kuanzia wa pampu, si namba iliyo kwenye kibati peke yake.

SWALI: Je, nimwage dawa za bakteria zinazouzwa madukani ili tangi la septiki na pampu visisumbue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hazihitajiki. Kinyesi kina bakteria wa kutosha, na hakuna dawa inayoondoa haja ya kunyonya tope. Magadi makali ya kuzibulia, yaani kostiki soda, msiyamwage kabisa kwenye chemba ya pampu, kwani huharibu sili zinazozuia maji kuingia kwenye mota na humdhuru fundi atakayekuja kuifungua.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimekabidhiwa kusimamia nyumba ya wageni Bagamoyo. Tuna chemba ya pampu, na kijana wetu wa bustani hushuka ndani kila baada ya wiki kadhaa kutoa uchafu kwa ndoo. Nataka ratiba ya kuitunza.
Msimamizi, Bagamoyo

JIBU: Marahaba. Kabla ya ratiba, mzuie kijana huyo leo. Ndani ya chemba hukusanyika hewa ya salfidi hidrojeni, nzito kuliko hewa ya kawaida, na methani inayolipuka ikifika kati ya asilimia 5 na 15. Watu hudhani kwamba pua itawaonya kwa ile harufu ya yai bovu, lakini salfidi hidrojeni ikifika sehemu 100 hivi katika milioni pua hufa ganzi na harufu hutoweka; ikipita sehemu 1,000 mtu huanguka ndani ya pumzi chache. Anayeruka kumwokoa huanguka naye. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, katika tahadhari yake ya mwaka 1986 ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu kama hizo walikuwa waokoaji. Kwamba ameshuka mara nyingi akapanda salama si ushahidi wa chochote, kwa sababu hewa hiyo hufumuka tope likikorogwa. Kazi zote ninazozitaja hapa hufanywa ukiwa juu, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na ufunguo wa boksi ukiwa mfukoni mwako, isipokuwa pale ukaguzi unapohitaji kengele au pampu iwake. Atakayelazimika kushuka awe ni mtu wa kampuni yenye kipima hewa, feni ya kuingiza hewa, mkanda wenye kamba na wenzake juu.

Kila mwezi inua boya la kengele kwa fimbo yenye ndoano, umeme wa kengele ukiwa umewashwa, uone kama italia. Halafu sikiliza pampu ikiwaka, kwani pampu inayoguguna au kuunguruma bila kutoa maji ina kitu kwenye impela. Kila miezi mitatu, na kwa nyumba ya wageni yenye jiko pengine kila mwezi, toa gamba la mafuta kwa chekeche lenye mpini mrefu na uoshe maboya kwa maji ya mpira.

Mara moja kwa mwaka pampu itolewe nje kwa mnyororo wake, kamwe si kwa waya wa umeme, maana hivyo ndivyo sili ya waya hupasuka na maji kuingia kwenye mota. Fundi afungue kizibo cha oili: ikiwa nyeupe kama tui, sili imevuja na lazima ibadilishwe kabla mota haijaungua. Apime insulesheni ya waya. Chini ya megaohmu 1 pampu isirudishwe. Pampu ikiwa kazini apime ampea na kuzilinganisha na zile zilizoandikwa siku ilipofungwa, na kama hazikuandikwa, ziandikwe sasa ndani ya mlango wa boksi la umeme. Ampea zikiwa juu kuliko kibati, kwa kawaida kuna kitu kinachokwamisha; zikiwa chini, impela imelika au pampu imenasa hewa. Maungio ya waya yawe nje ya chemba, ndani ya boksi lisilopitisha maji, na tundu la waya lizibwe, kwa sababu hewa ileile inayoua watu huigeuza shaba kuwa nyeusi na kuila.

Tangi la septiki linyonywe tope na gamba vikifika theluthi moja ya kina cha maji. Kwa familia huwa kati ya miaka miwili na mitano, kwenu mapema zaidi. Mkiita gari la majitaka, liambieni linyonye pia tope la chini ya chemba ya pampu, ambalo kijana alikuwa akilitoa kwa ndoo. Kama chemba ni ya plastiki na ni msimu wa mvua, isikaushwe kabisa isije ikaelea. Gari likimaliza, mimina maji hadi yaifunike mota, ndipo uwashe umeme na kuitazama pampu ikikamilisha mzunguko mmoja mzima.